Kufunga Mota ya Mashine ya Kukereza Iliyotumika: Somo kwa Mafundi na Viongozi wa Vikundi



Somo la toleo hili ni la ufundi, nalo limetokana na maswali tunayoulizwa na mafundi pamoja na viongozi wa vikundi tunapopita kwenye karakana za Bariadi, Maswa na vijiji vya Itilima. Kikundi kimepata mashine ya kukereza chuma, ile ambayo wengi wetu tunaiita lethi. Imetoka ng'ambo kwa marafiki wa usharika, au imenunuliwa Mwanza kwa michango ya miaka kadhaa. Imeshushwa kwa minyororo, imesimamishwa kwenye sakafu ya zege, imefutwa vumbi na kupakwa grisi. Kinachobaki ni umeme. Hapo ndipo linapokuja swali: waya gani unakwenda wapi?

Tumeona vema kulijibu kwa urefu. Kwanza kuna suala la fedha. Mota iliyofungwa kimakosa inaweza kuungua katika dakika chache, na kuisuka upya ni gharama ambayo kikundi kipya mara nyingi hakikuiweka kwenye bajeti. Mashine hubaki imefunikwa turubai, vijana wanatawanyika, na plau za wakulima zinaendelea kupelekwa mbali kutengenezwa. Katika mkoa unaoongoza kwa pamba, wenye maelfu ya plau, mikokoteni, mashine za kusaga na za kukamua alizeti, lethi moja inayofanya kazi ni msaada kwa tarafa nzima.

Pili ni uhai wa mtu. Lethi ni chuma kitupu toka juu hadi chini. Anayeitumia anaishika kwa mikono miwili siku nzima, mara nyingi amesimama kwenye sakafu iliyolowa maji ya kupozea. Umeme ukivuja kwenye mwili wa mashine hiyo, hana pa kukwepea.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kwenye dari lake, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Hakuambiwa asubiri mtu aanguke ndipo ajenge. Tunaposoma habari ya waya wa ethi hapa chini, tuusome kama ukingo wa dari.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Somo hili halimfanyi mtu kuwa fundi umeme. Kwa taratibu za nchi yetu kazi ya kufunga umeme inafanywa na fundi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA. Tunaandika ili mwenyekiti wa kikundi aweze kumuuliza fundi maswali ya maana, na ili fundi aliyezoea nyumba za taa na soketi asiishike mota ya fezi tatu kwa mazoea ya taa.

KIBAO CHA MOTA KISOMWE KWANZA

Kila mota ina kibao kidogo cha bati ubavuni. Mara nyingi kimepakwa rangi au kimejaa grisi. Kisafishwe kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisikwanguliwe kwa msasa, maana maandishi yakifutika tumepoteza cheti cha mota.

Umeme wa TANESCO ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, na volti 400 kati ya fezi na fezi, kwa hezi 50. Mota nyingi zilizotoka Ulaya zimeandikwa namba mbili za volti. Zipo za 220/380 au 230/400, na zipo za 380/660 au 400/690. Namba ndogo ndiyo yenye siri. Ndani ya mota kuna misuko mitatu ya waya wa shaba, na namba ndogo ni volti ambazo kila msuko unaweza kubeba.

Tukiunga misuko hiyo kwa mtindo wa nyota, kila mmoja unapata volti 230 kutoka kwenye umeme wetu wa 400. Tukiiunga kwa delta, kila mmoja unapata 400 kamili. Kwa hiyo mota ya 230/400 kwetu hufungwa nyota. Mota ya 400/690 kwetu hufungwa delta. Mwenye kushika hilo ameshika nusu ya somo.

Ukikosea kwa mota ya 230/400 ukaifunga delta, itaunguruma, itanuka vanishi na kuungua upesi. Hilo kosa linajitangaza lenyewe. Kosa la kimya ni lile la pili: mota ya 400/690 iliyofungwa nyota. Itawaka, itazunguka vizuri ikiwa tupu, na wote watapiga makofi. Lakini nguvu yake imeshuka hadi kama theluthi moja. Fundi akianza kukata chuma inalemewa na kupata joto, naye anadhani mashine imezeeka. Tunashauri mashine inayosifiwa ikiwa tupu na kulaumiwa ikiwa kazini ifunguliwe kasha la mota kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ndani ya kasha kuna skrubu sita katika safu mbili. Safu moja ni U1, V1, W1, na nyingine, ukifuata mpangilio uleule, ni W2, U2, V2. Mota za zamani zina U, V, W na Z, X, Y. Kwa nyota, viungo vya shaba vinaunganisha W2, U2 na V2 pamoja, na fezi tatu zinaingia U1, V1, W1. Kwa delta, viungo vitatu vinasimama wima: W2 na U1, U2 na V1, V2 na W1, na fezi zinaingia palepale U1, V1, W1. Mara nyingi mchoro uko ndani ya mfuniko wa kasha. Usitupwe.

Sasa tahadhari ambayo hata mafundi wazuri huipita. Lethi nyingi za Ulaya zina mota ya mwendo wa aina mbili. Nayo ina skrubu sita, lakini si ya nyota na delta kwa maana tuliyoeleza. Utaitambua kwa kibao chake kuwa na mizunguko miwili, kwa mfano 1400/2800, na kilowati mbili tofauti. Mota hiyo ikifungwa viungo vya shaba kama ile ya kawaida, inaharibika. Inahitaji swichi yake maalumu ya mwendo, na mara nyingi swichi hiyo ipo tayari kwenye mashine. Isiondolewe.

Mashine za Japani zinahitaji neno lake. Fezi tatu za Japani ni volti 200. Mota hiyo ukiiweka kwenye 400 yetu moja kwa moja umeiua. Inahitaji transfoma ya fezi tatu ya kushusha 400 hadi 200, au kidhibiti mwendo cha kielektroniki tutakachokitaja mbele. Za Marekani zimetengenezwa kwa hezi 60, hivyo kwetu zinazunguka polepole zaidi, kama sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na volti zake nazo zikaguliwe kwa makini kabla ya kuunga chochote.

Kama kibao hakipo kabisa, msikisie. Mpelekeeni msukaji wa mota mwenye uzoefu aifungue na kuipima. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuisuka.

Na msisahau kwamba mota kubwa si pekee iliyo na volti zake. Pampu ndogo ya maji ya kupozea ni mota inayojitegemea yenye kibao chake. Koili ya kontakta inaweza kuwa ya volti 24, 110, 230 au 400. Taa ya mashine mara nyingi ni ya volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo ndani ya kabati. Kila kimoja kisomwe. Tunawafahamu mafundi waliookoa mota wakaunguza koili ya kontakta kwa kuipa 400 wakati imeandikwa 230.

RANGI ZA WAYA ZINADANGANYA

Mafundi wetu wengi wamefundishwa kwa rangi za zamani za Uingereza: nyekundu, njano na bluu ni fezi, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Uingereza yenyewe ilianza kubadilisha mwaka 2004 ili ifanane na nchi nyingine za Ulaya. Katika rangi mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ni bluu, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano.

Tazama hatari iliyopo. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Karakana iliyofungwa zamani ikiunganishwa na mashine ya karibuni kwa kufuata rangi peke yake, umeme unaingia pasipotakiwa. Nchini Ujerumani, kabla ya katikati ya miaka ya 1960, waya mwekundu ulitumika kama ethi! Lethi ya chuma cha kumwaga haichakai upesi, na mashine ya umri huo si ajabu kuikuta ikitoka kwenye kontena. Fundi wa kwetu akiuona mwekundu ataufunga kwenye fezi, na mwili mzima wa mashine utakuwa na umeme siku ya kwanza.

Basi rangi isiaminiwe, iaminiwe mita. Kila waya wa mashine iliyotumika ufuatwe kwa mita kutoka mwanzo hadi mwisho, umeme ukiwa haujaunganishwa, kisha uwekewe alama mpya ya namba. Kwa mashine ya zamani sana ni afadhali kutoa nyaya zote na kuweka mpya. Mpira wa nyaya hizo hukauka na kupasuka ukikunjwa.

KUPIMA KABLA YA KUWASHA

Mashine imekaa ghalani Ulaya, ikasafiri baharini, ikakaa bandarini, kisha ikaletwa huku masika. Misuko ya mota imenyonya unyevu. Kabla ya kuipa umeme ipimwe kwa mega ya volti 500 kati ya misuko na mwili wa mota, viungo vya shaba vikiwa vimeondolewa, na pia kati ya msuko na msuko. Kipimo kisipungue megaomu 1, na mota iliyo kavu na nzima huonyesha zaidi sana ya hapo. Ikiwa chini, ikaushwe: ifunguliwe na kuwekewa taa za joto ubavuni kwa siku moja au mbili, kisha ipimwe tena. Mita ya kawaida ya betri haifai kwa kazi hii. Inaweza kusema mota ni nzima wakati kwenye volti 400 umeme utaruka.

Kupima na kufunga kote kufanyike meni swichi ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa anayefanya kazi. Usikabidhiwe kijana amwangalizie. Kisha athibitishe kuwa umeme haupo, kwa utaratibu huu: apime kwanza mahali penye umeme kuona kama mita inafanya kazi, apime pale anapotaka kushika, kisha arudi kupima pale penye umeme. Mita iliyokufa katikati ya kazi inaonyesha sifuri sawa na waya usio na umeme. Bisibisi ya taa tunayoizoea wote haitoshi kwa uamuzi wa kugusa au kutogusa.

ETHI

Hapa tunaomba msomaji awe mvumilivu, maana ndipo tunapokuta udhaifu mwingi.

Wengi wanaamini kwamba mashine ikiwa na nondo ya ethi ardhini na breka ukutani, basi umeme ukivuja breka itaruka. Tufanye hesabu. Tuseme nondo yetu ina ukinzani wa omu 20, ambao si mbaya kwa nondo moja. Fezi ikigusa mwili wa mashine, volti 230 zinasukuma kupitia omu 20. 230 gawanya kwa 20 ni ampea 11.5. Breka yetu ni ya ampea 16. Haitaruka leo wala kesho. Mashine itakaa na umeme mwilini, ikingoja mtu wa kuigusa.

Na omu 20 ni bahati. Wazee wetu wa Kisukuma wanajua tofauti ya luseni na mbuga. Udongo wa luseni, ule wa kichanga kwenye miinuko, hukauka kabisa kiangazi na hapo ukinzani unapanda sana. Udongo mweusi wa mbuga unashika maji vizuri, lakini kiangazi hupasuka nyufa na kuachana na nondo. Ethi iliyopimwa vizuri mwezi Machi ipimwe tena mwezi Septemba. Nondo iende chini hadi kwenye udongo wenye unyevu, ziwe mbili au tatu zilizounganishwa ikibidi, na kiungo chake kiwe mahali kinapoonekana, kisifukiwe.

Lakini dawa ya hesabu ile si nondo peke yake. Ni swichi ya kukata umeme unaovuja, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Hii haisubiri ampea 16. Ya miliampea 30 inakata uvujaji ukifika sehemu ndogo sana ya ampea moja, haraka kabla moyo wa mtu haujadhurika. Kwa mashine ya fezi tatu inunuliwe ile ya nguzo nne. Kitufe chake kibonyezwe kila mwezi, na isiporuka ibadilishwe. Tukilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha kununua kabla ya kingine chochote, tungechagua hiki.

Waya wa ethi wenyewe utoke kwenye ubao wa ethi hadi kwenye mwili wa mota, na mwingine hadi kwenye kitanda cha lethi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane, kwa lagi na boliti yake yenyewe. Usifungwe kwenye boliti inayoshikilia mfuniko, maana siku mfuniko ukifunguliwa ethi imekatika. Na nyutro isitumike kamwe kama ethi. Siku nyutro itakapokatika nje ya jengo, mwili wa mashine utabeba umeme wa fezi.

STATA, NA UMEME UNAPOKATIKA

Umeme wetu hukatika, kila mmoja anajua. Fikiria fundi anakereza, umeme unakatika, mashine inasimama. Anainama kutoa vumbi la chuma, au anaingiza ufunguo kwenye chaki kufungua kazi yake. (Hatuzungumzii chaki za kuandikia ambazo vijana wa Maswa walijulikana kwa kuzitengeneza, bali ile taya ya chuma inayoshika kazi.) Umeme unarudi. Kama lethi imefungwa kwa swichi ya kawaida ya kugeuza, itaanza kuzunguka yenyewe mkono ukiwa ndani.

Kwa sababu hiyo lethi lazima iwe na stata ya kontakta yenye vitufe, kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Umeme ukikatika, kontakta inaachia, na ukirudi mashine inabaki imesimama hadi mtu abonyeze kijani. Lethi nyingi za zamani zina mkono wa kugeuza mbele na nyuma usio na kinga hii. Mkono huo unaweza kubaki, lakini kontakta iwekwe mbele yake. Pia pawe na kitufe kikubwa chekundu cha dharura, mahali ambapo fundi anakifikia kwa paja au kwa mkono wa kushoto bila kuvuka juu ya chaki inayozunguka.

Chini ya kontakta panakaa ovalodi. Hii ndiyo inayolinda mota isilemewe, na inarekebishwa kwa bisibisi ndogo hadi ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Kwa mota ya kilowati 2.2 ni karibu ampea 5, kwa kilowati 4 ni karibu ampea 8, lakini kibao ndicho kinachosema. Tunakuta mahali ovalodi imezungushwa hadi mwisho kwa sababu "inasumbua kuruka". Ovalodi inayoruka inatoa taarifa. Mara nyingi taarifa yenyewe ni kwamba fezi moja imepotea, na mota inayoendelea kuzunguka kwa fezi mbili inaungua. Ukisikia sauti yake imebadilika na kuwa nzito, zima kwanza, uliza baadaye.

Kuhusu waya, kwa mota hadi kilowati 4 na umbali mfupi kutoka kwenye ubao, shaba ya milimita mraba 2.5 inatosha, kebo ya nyaya nne, tatu za fezi na moja ya ethi. Ongeza wa tano kama koili au taa inahitaji nyutro. Ipite ndani ya bomba, isilale sakafuni chini ya vumbi la chuma lenye ncha. Breka iwe ya aina inayovumilia mota kuanza, maana mota ikianza inavuta mara 5 hadi 7 ya ampea zake. Msumari au waya uliosokotwa badala ya fyuzi tusiuone.

PASIPO NA FEZI TATU

Umeme wa vijijini umefika mbali kupitia miradi ya REA, lakini sehemu nyingi laini iliyopo karibu ni ya fezi moja. Kabla ya kuleta lethi kijijini, kikundi kiulize TANESCO kama fezi tatu zinapatikana hapo na gharama ya kuzivuta ni kiasi gani. Swali hili liulizwe kabla ya kulipia usafiri wa mashine.

Zisipopatikana, njia tunayoipendelea ni kidhibiti mwendo cha kielektroniki, ambacho mafundi wanakiita inveta. Kinapokea volti 230 za fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 230. Sikiliza vizuri: kwa sababu kinatoa 230 na si 400, mota ya 230/400 sasa inafungwa delta, kinyume cha tulivyosema juu. Mota ya 400/690 haitafaa hapo. Mota ya Japani ya 200 inafaa sana, kifaa kikiwekewa kikomo cha volti 200.

Kifaa hiki kina masharti yake. Waya utoke kwake moja kwa moja hadi mota, pasiwe na swichi ya kukata katikati wakati mota inazunguka, na ule mkono wa zamani wa kwenda mbele na nyuma utumike kukiamuru kifaa tu. Kisiwekwe kuwaka chenyewe umeme unaporudi. Pampu ya maji isiungwe kwake. Ndani yake mna kapasita zinazobaki na umeme baada ya kuzima, hivyo usifungue kabla ya dakika ambazo kifaa chenyewe kimeandika, kwa kawaida 5 hadi 10. Baadhi vinaifanya swichi ya uvujaji ya miliampea 30 iruke bila sababu. Hapo fundi mwenye leseni achague aina inayopatana na kifaa, hata kama ni ya miliampea 100 au 300. Kuiondoa kabisa si jibu.

Wapo wanaofunga kapasita peke yake ili mota ya fezi tatu izunguke kwa fezi moja. Inazunguka, lakini nguvu inapungua na mota inapata joto. Kwa feni tungekubali, kwa lethi hapana.

SIKU YA KUWASHA

Mkanda wa mota utolewe kwenye puli kwanza. Bonyeza kijani na kuzima mara moja, mota iguse tu kuzunguka, na mtazame inaelekea wapi. Chaki inatakiwa upande wake wa juu uje kwa fundi aliyesimama mbele ya mashine. Ikienda kinyume, zima, funga kufuli, badilisha fezi mbili kati ya tatu mahali zinapoingia. Tunasisitiza mkanda utolewe kwa sababu lethi nyingi za zamani zina chaki ya kuzungushwa kwenye hesi. Ikianza kinyume kwa nguvu inaweza kujifungua na kuruka, na chaki ya kilo 20 haina simile.

Mwelekeo ukiwa sawa, rudisha mkanda, ondoa ufunguo kwenye chaki, washa kwa mwendo mdogo kabisa. Pima volti kati ya fezi zote kwa jozi tatu, kisha ampea za kila waya kwa mita ya kukumbatia waya. Ampea tatu zikaribiane na zisizidi za kibao. Moja ikitofautiana sana, tafuta sababu kabla ya kuanza kazi za wateja. Acha izunguke nusu saa, shika mwili wa mota kwa nyuma ya mkono. Joto la kuvumilika si tatizo. Zima meni swichi ikiwa inazunguka, iwashe tena, na mhakikishe lethi haikuanza yenyewe. Bonyeza kitufe cha dharura. Bonyeza kitufe cha swichi ya uvujaji.

Vipimo vyote viandikwe kwenye daftari la mashine pamoja na tarehe na jina la fundi, na nakala ya mchoro wa nyaya ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Miaka mitano ijayo atakayefungua kabati hilo hatakuwa mtu yuleyule.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Kibao cha mota yetu kinasema nini, na viungo vya shaba ndani ya kasha viko nyota au delta? Je, vinapatana?

Ethi ya karakana yetu ilipimwa lini mara ya mwisho, na ulikuwa msimu gani?

Umeme ukikatika sasa hivi na kurudi baada ya dakika tatu, ni mashine zipi katika karakana yetu zitaanza zenyewe? Mzijaribu zote, ikiwemo ya kusaga na ya kuchomelea, na mwandike majibu.

Nani katika kikundi ana ufunguo wa kufuli la meni swichi, na kijana anayejifunza anajua la kufanya akimwona mwenzake ameshikwa na umeme? (Azime meni swichi kwanza, asimguse kwa mkono.)